Swali la mwanafunzi lilipojibiwa uwanjani Chicago

Wahenga walinena kwamba kutembea kwingi ni kuona mengi. Nami ningependa kuongeza kwamba kuna nyakati ambapo mtu husafiri mbali akaenda kuliona jambo ambalo alipaswa kuliona akiwa kwao. Ndivyo ilivyonitukia mwezi wa Julai mwaka 2024 nilipozuru Marekani, nikajikuta nimeketi katika uwanja wa mchezo ambao sikuujua kichwa wala miguu.

Kabla ya kuisimulia ziara hiyo, sina budi kuungama. Zaidi ya miaka ishirini iliyopita, kabla sijaanza kufundisha isimu chuoni, nilikuwa mwalimu wa Kiingereza na Kiswahili katika shule moja ya upili ya mashambani. Vitabu vilikuwa haba. Siku moja tukaletewa sanduku la vitabu vya msaada, na katika kimojawapo nikaona kifungu cha ufahamu kuhusu mvulana wa Kimarekani aliyeipatia timu yake ushindi katika mechi ya besiboli. Nilikisoma kwa sauti darasani, kisha nikaandika maswali ubaoni.

Kijana mmoja wa kidato cha pili aliinua mkono. "Mwalimu," aliuliza, "huyu mtu akishaupiga mpira, kwa nini anakimbia?"

Darasa zima liliangua kicheko. Ukweli ni kwamba mimi mwenyewe sikulijua jibu. Badala ya kukiri hivyo, nilimwamuru aketi ayajibu maswali yaliyo ubaoni, kwa maana mtihani hautamwuliza habari za kukimbia. Kijana akaketi. Sikumbuki kumwona akiinua mkono tena muhula ule.

Sasa turudi Marekani. Mwenyeji wangu alikuwa Mkenya mwenzangu ambaye nilisoma naye, na ambaye sasa hufundisha Kiswahili katika chuo kikuu kimoja cha huko. Baada ya mkutano wa kitaaluma ulionipeleka Chicago, aliniambia, "Ndugu yangu, umesoma vitabu vya hawa watu kwa miaka mingi. Njoo sasa uwaone wakiwa hawana habari kwamba wanatazamwa." Wamarekani wengi wana ada ya kufunga safari wakati wa kiangazi, wakipita mji baada ya mji kwa gari ili kuvizuru viwanja vya besiboli. Ligi yao kuu ina timu 30, na wapo wanaojiwekea nadhiri ya kuviona viwanja vyote kabla ya kufa. Sisi tulichagua vinne: Chicago, Milwaukee, St. Louis na Kansas City.

Tulianzia Wrigley Field, upande wa kaskazini wa Chicago. Uwanja huu ulifunguliwa mwaka 1914, na tangu mwaka 1916 umekuwa makao ya timu ya Cubs. Haukujengwa pembeni mwa mji penye nafasi tele. Umebanwa katikati ya nyumba za watu, kwenye pembe ya barabara za Clark na Addison, hata wenye nyumba za jirani wameweka viti juu ya mapaa ili kutazama mechi kutoka huko. Ukuta wa matofali ulio mwisho wa uwanja umefunikwa na mimea inayotambaa, iliyopandwa mwaka 1937. Ubao mkubwa wa matokeo nao ni wa mwaka huohuo, na hadi leo watu hukaa ndani yake wakibadilisha tarakimu kwa mikono. Taa za kuchezea usiku hazikuwekwa hadi mwaka 1988, miongo mingi baada ya viwanja vingine vyote vya ligi kuu kuwa nazo.

Mashabiki wa Cubs ni watu waliofunzwa subira. Timu yao ilitwaa ubingwa mwaka 1908, kisha ikangoja hadi mwaka 2016 kuutwaa tena. Hiyo ni miaka 108. Watu walizaliwa, wakaishi, wakazeeka na kuzikwa wakiishangilia timu ambayo hawakuiona hata mara moja ikiwa bingwa. Sisi tunaozihama timu zetu za kandanda baada ya misimu miwili ya kushindwa, hapo pana somo.

Kando yangu aliketi mzee Mmarekani mweusi, kofia kichwani, daftari magotini na kalamu ya risasi mkononi. Alikuwa amekuja na mjukuu wake wa kike wa miaka kama tisa hivi. Alituambia kwamba yeye ni mtu wa kusini mwa mji, na timu yake hasa ni ile nyingine ya Chicago, lakini mjukuu ameasi akawa wa Cubs, "na mapenzi hayana mahakama." Tulinunua soseji ndani ya mikate. Mwenyeji wangu akaninong'oneza nisithubutu kuitia yangu sosi ya nyanya, kwani huko Chicago ni haradali, kitunguu na achali, na anayeomba nyanya hutazamwa kama mtu aliyetia sukari kwenye ugali.

Mchezo ulianza. Nusu saa ilipita nami sielewi kitu. Mtu anarusha mpira, mwingine anashika gongo, mwamuzi anapaza sauti, watu wanasimama, watu wanaketi. Nilikuwa na shahada ya uzamifu katika lugha, nimezungukwa na watu zaidi ya elfu thelathini, na kila neno walilolisema nililijua. Hata hivyo, sikuelewa lolote. Hapo ndipo nilipomkumbuka yule kijana wa kidato cha pili. Nilimgeukia yule mzee, na kwa aibu ya mtu mzima nikauliza: "Samahani, Mzee. Yule akishaupiga mpira, kwa nini anakimbia?"

Mzee hakucheka. Wala mjukuu hakucheka. Mzee aliiweka kalamu yake chini, akanionyesha kwa kidole kibao cheupe chenye pembe tano kilichokuwa miguuni mwa mpigaji. "Pale panaitwa nyumbani," alisema. "Anakimbia kwa sababu anataka kurudi nyumbani. Mengine yote ni maelezo."

Maelezo hayo, mpenzi msomaji, ni haya. Kuna vituo vinne vilivyopangwa katika umbo la mraba uliosimama kwa pembe moja. Mpigaji huanza nyumbani. Mrushaji wa timu pinzani husimama umbali wa mita 18 na nusu hivi, akamtupia mpira kwa kasi. Mpigaji akiupiga, hukimbilia kituo cha kwanza, na baadaye cha pili, cha tatu, hadi arejee alikoanzia. Akirejea salama, timu yake hupata alama moja. Wapinzani wake wako uwanjani kumzuia: wakiudaka mpira kabla haujagusa ardhi, au wakiufikisha kituoni kabla yake, ametoka. Akiukosa mpira mara tatu, ametoka pia. Watu watatu wakitoka, timu hubadilishana zamu. Kila timu hupata zamu tisa.

Wasomaji waliopitia shule zetu za msingi watakuwa wameanza kutabasamu. Mchezo huu si mgeni kwetu kama nilivyodhani. Ni nduguye raundasi, mchezo ambao wasichana wa Kenya wameucheza kwa vizazi katika mashindano ya shule za msingi. Lau ningalikuwa na busara siku ile darasani, ningalimwita msichana yeyote aliyewahi kuiwakilisha shule yake katika raundasi, naye angalimjibu yule kijana kwa dakika moja. Jibu lilikuwa limeketi dawatini mbele yangu nami nikashindwa kuliona.

Undugu huo, hata hivyo, uliwahi kuzua ubishi mkubwa. Henry Chadwick, mwandishi wa habari aliyezaliwa Uingereza mwaka 1824 na kulelewa Marekani, alishikilia kwamba besiboli ilitokana na raundasi ya Waingereza. Albert Spalding, mchezaji wa zamani aliyegeuka kuwa tajiri wa vifaa vya michezo, hakukubali kwamba mchezo wa taifa lake una baba wa kigeni. Tume ikaundwa. Mwishoni mwa mwaka 1907 ikatoa uamuzi kwamba besiboli ilibuniwa na Abner Doubleday katika kijiji cha Cooperstown, jimbo la New York, mwaka 1839. Ushahidi mkuu ulikuwa barua za mzee mmoja aliyedai kukumbuka mambo ya utotoni mwake. Wanahistoria wameikataa hadithi hiyo. Mwaka huo wa 1839 Doubleday alikuwa mwanafunzi katika chuo cha kijeshi cha West Point, na jina la mchezo wenyewe lilikwisha kuchapishwa katika kitabu cha watoto huko London mwaka 1744. Pamoja na hayo, jumba la kuwaenzi mashujaa wa besiboli lilifunguliwa papo hapo Cooperstown mwaka 1939, na lipo hadi leo.

Mwanafunzi wa Kiswahili asiwacheke Wamarekani. Nasi tumekuwa na tume zetu zisizo rasmi juu ya asili ya lugha yetu. Wapo walioishikilia dhana kwamba Kiswahili ni Kiarabu kilichochakaa, kwa sababu tu waliyahesabu maneno ya mkopo wakasahau kuichunguza sarufi. Ngeli, viambishi na mnyambuliko wa vitenzi hushuhudia kwamba hii ni lugha ya Kibantu. Kukopa maneno hakubadilishi ukoo, kama vile raundasi na besiboli zinavyobaki ndugu ingawa moja imevaa sare za gharama.

Jambo lililonivutia mimi kama mwanaisimu ni hili. Kanuni za besiboli zimeuwekea mraba wa vituo vipimo visivyobadilika: mita 27 na nusu hivi kutoka kituo hadi kituo, kila mahali duniani inakochezwa ligi ya watu wazima. Lakini eneo lililo nyuma ya mraba huo halina umbo moja. Kila uwanja una lake. Wrigley Field, ukuta wa kushoto uko umbali wa mita 108 kutoka nyumbani. Fenway Park ya Boston, iliyofunguliwa mwaka 1912, upande huohuo una mita 94 na nusu tu, ndiyo maana ukainuliwa ukuta wa zaidi ya mita 11 kwenda juu. Mpira ukipotelea katika mimea ya Wrigley, mlinzi huinua mikono, na mpigaji hupewa vituo viwili. Ni kanuni ya mahali pale. Hakuna mtu wa Boston anayedai kwamba Wrigley si besiboli.

Huo, wanafunzi wangu, ndio uhusiano wa lugha na lahaja. Mraba ni sarufi ya pamoja. Uwanja wa nyuma ni Kimvita, Kiamu, Kiunguja, Kingwana. Katika siku zile za safari niliona Milwaukee uwanja wenye paa linalofunguliwa na kufungwa, St. Louis uwanja unaolitazama lile tao refu la chuma lenye urefu wa mita 192, na Kansas City uwanja wenye chemchemi za maji zinazoruka nyuma ya ukuta. Mchezo ni uleule. Mwalimu anayemwambia mtoto wa Lamu kwamba lugha ya mamaye ni "makosa" afanana na mtu atakayekwenda Chicago kuing'oa ile mimea.

Nirudi kwa mzee na daftari lake. Kila tukio uwanjani aliliandika kwa alama ndogondogo. Wachezaji tisa wa ulinzi wana namba kuanzia 1, ambaye ni mrushaji, hadi 9, ambaye hulinda upande wa kulia kabisa. Mpira ukitoka kwa mlinzi wa 6 kwenda kwa wa 4 kisha kwa wa 3, watu wawili wakatolewa kwa mpigo, yeye huandika 6-4-3, na anayejua kuisoma hati hiyo huiona picha nzima. Mpigaji aliyekosa mara tatu huandikiwa herufi K. Kama hakulitikisa hata gongo lake, K huandikwa kinyumenyume. Anayesifiwa kwa kuukuza utaratibu huu ni yuleyule Chadwick. Mjukuu alikuwa na kijidaftari chake, na babu alikuwa akimsahihisha kwa upole.

Nilimwuliza mzee kwa nini anajisumbua ilhali matokeo yote yapo kwenye ubao na katika simu. Alijibu kwamba babake, aliyehamia Chicago kutoka Mississippi, alimfundisha kuandika akiwa mdogo. Babake aliwaona wachezaji weusi wakubwa mno, ambao magazeti makubwa hayakuwataja. "Alichokiona na asikiandike, mimi sikukiona," alisema. "Kwa hiyo naandika."

Sikulielewa vyema neno lake hadi tulipofika Kansas City. Kuanzia miaka ya 1880 wachezaji weusi walizuiwa kuingia ligi kuu kwa makubaliano ambayo hayakuwa na karatasi. Mwaka 1920, papo hapo Kansas City, Rube Foster aliongoza kuundwa kwa ligi ya kitaifa ya Weusi. Zuio lilivunjwa tarehe 15 Aprili 1947, Jackie Robinson alipoichezea Brooklyn Dodgers. Makumbusho ya ligi hizo yako katika mtaa wa 18th na Vine. Ndani yake kuna kiwanja chenye sanamu za shaba za wachezaji mashuhuri, kila mmoja penye nafasi yake. Mgeni huwaona mwanzoni kupitia wavu wa seng'enge, lakini hawezi kuwafikia. Analazimika kuizunguka historia yote, picha kwa picha, ndipo mwishoni aruhusiwe kuingia uwanjani. Nilisimama mbele ya wavu ule kwa muda mrefu.

Mwezi wa Mei 2024, wiki chache kabla ya ziara yangu, ligi kuu iliziingiza takwimu za wachezaji zaidi ya 2,300 wa ligi za Weusi katika kumbukumbu zake rasmi. Josh Gibson, aliyefariki mwaka 1947 bila kucheza ligi kuu hata siku moja, akawa ndiye mwenye wastani bora zaidi wa upigaji katika historia yote. Hilo liliwezekana kwa sababu watafiti walipekua magazeti ya zamani ya Weusi na madaftari ya mechi, wakakusanya kurasa moja moja. Pale ambapo hakuna aliyeandika, hakukuwa na la kuhesabu. Nasi tulio na wazee wenye ngano, vitendawili na nyimbo ambazo hazijapata kalamu, tuna sababu ya kujiuliza tunangoja nini.

Yapo pia manufaa ya karibu zaidi kwa mwalimu wa lugha. Kiingereza tunachokitumia maofisini kimejaa misemo ya mchezo huu bila sisi kujua. Mtu akitoa makadirio ya haraka, husema ni tarakimu ya "uwanjani". Akiahidi kuwasiliana nawe, husema "atagusa kituo". Mwaka 1994 jimbo la California lilipitisha sheria kali dhidi ya mtu anayepatikana na hatia ya jinai kwa mara ya tatu, na jina la sheria hiyo likatokana na yale makosa matatu ya mpigaji. La kuchekesha ni kwamba neno lenyewe la Kiingereza maana yake ya kawaida ni kupiga, ilhali mchezoni hutamkwa hasa pale mtu asipopiga!

Tusidhani Kiswahili ni tofauti. Mwanafunzi wa Turkana huandika katika insha yake kwamba mambo yalikwenda mrama, na mwalimu humpa alama. Ni wangapi kati yetu waliomweleza kwamba mrama ni kuyumba kwa chombo baharini mawimbi yanapokipiga? Tumempa maneno ya mabaharia bila kumpa bahari, kama nilivyowapa wale vijana wangu pigo la gongo bila kuwapa kituo cha kukimbilia.

Sisemi kwamba shule zetu zianzishe besiboli. Nasema kwamba swali la mwanafunzi ni dalili kwamba amefika mahali ambapo maneno anayajua lakini ulimwengu wake haujui. Mwalimu aliyelelewa kuogopa kusema "sijui" hulizima swali hilo, na pamoja nalo huzima maswali mengine yote ambayo yangefuata. Mimi nililizima. Ilinibidi niende hadi Chicago, nami nina nywele za mvi, ili nijue inavyohisi kuuliza swali la kitoto mbele ya watu na kujibiwa bila kicheko.

Tangu muhula uliofuata nimeweka desturi moja katika mihadhara yangu. Mwanafunzi akiniuliza nisilolijua, naliandika ubaoni pamoja na tarehe, na somo la juma linalofuata huanzia hapo. Wiki nyingine huwa nimelipata jibu, wiki nyingine mwanafunzi mwenyewe hulileta. Ubao haujaanguka.

Yule kijana wa kidato cha pili sijui aliko. Sasa ni mtu mzima, pengine naye ni mwalimu, na pengine hulisoma gazeti hili. Kama ndivyo, namwomba radhi, na nalijibu swali lake ijapokuwa kengele ya somo ililia zamani. Anakimbia, ndugu yangu, kwa sababu alipoanzia panaitwa nyumbani, na mchezo hauwezi kumhesabia kitu mpaka arudi.